Gesi ya Ziwa Kivu inafungwa na vidato vya joto na chumvi, na bomba linaweza kuvivuruga kuliko volkano

Volkano ya Nyiragongo ikitikisika, swali la Goma, Gisenyi na Bukavu, miji iliyo kando ya Ziwa Kivu, huwa moja: je, ziwa litalipuka? Mei 2021, lava iliposimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma na magma ikasogea chini ya mji kuelekea ziwani, mamlaka ziliamuru sehemu ya mji ihamishwe. Gesi iliyo chini ya maji ilikuwa miongoni mwa hofu zilizotajwa. Hofu hiyo ina msingi. Kasoro yake ni kwamba inatazama upande mmoja tu. Volkano haiombi kibali cha mtu. Mabomba yanayovuta maji ya kina kirefu ili kupata methani ya umeme yana wenyewe, yana leseni na yana wakaguzi, na kina yanapoyarudishia maji hayo ni uamuzi wa binadamu. Uamuzi huo unastahili kujadiliwa kwa sauti kubwa zaidi kuliko moshi wa kilele. Ila mjadala hautaenda mbali bila kuelewa kwanza jinsi joto na chumvi vinavyopita ndani ya maji yaliyopangika kwa matabaka, kwa sababu hapo ndipo hesabu nyingi hukosewa.

Kivu ni ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 2,400, kina kinachofikia mita 485, na uso ulio kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutoka kwa mto Ruzizi kuelekea Tanganyika. Msimu wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo na ubaridi huyachanganya maji ya juu hadi kina cha mita 60 hivi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, na wavuvi wake wanaishi kwa kutegemea sehemu hiyo. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Joto hushuka hadi karibu nyuzi 23 kwenye kina cha mita 80 au 90, kisha jambo la ajabu huanza: kadiri unavyokwenda chini, maji yanazidi kuwa ya moto, mpaka nyuzi 26 hivi karibu na sakafu. Chumvi nayo hupanda, kutoka takriban gramu 1 kwa kilo ya maji juu hadi gramu 6 chini. Hii si chumvi ya mezani. Kwa sehemu kubwa ni bikaboneti za sodiamu na magnesiamu zinazoletwa na chemchemi zilizofichika chini ya ziwa.

Maji ya moto chini ya maji baridi yangepaswa kupanda. Kwa nini hayapandi? Tupige hesabu. Maji safi ya nyuzi 23 yana uzito wa kilo 997.5 kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 26 yana kilo 996.8. Joto basi linayapunguzia maji ya chini karibu kilo 0.8. Tofauti ya gramu 5 za chumvi inayaongezea karibu kilo 3.8. Kaboni dioksidi iliyoyeyuka, karibu gramu 4 kwa lita kwenye kina kirefu, inaongeza kama kilo 1.2, huku methani, ambayo ni gramu 0.3 tu kwa lita, ikipunguza chini ya kilo 0.4. Ukijumlisha, chini kunabaki kuzito. Ili joto peke yake lishinde chumvi, maji ya chini yangehitaji kuvuka nyuzi 35, yaani nyuzi kumi juu ya yalivyo sasa.

Hapo wengi huishia, wakaamini kwamba ziwa limetulia kama lilivyo. Kumbe halijatulia. Joto na chumvi havisafiri kwa mwendo mmoja. Ndani ya maji yasiyotikiswa, joto husambaa mara mia hivi haraka kuliko chumvi. Kuvuka mita moja ya maji tulivu, joto huchukua muda wa siku themanini na kitu. Chumvi huchukua miaka ishirini na moja. Gesi zilizoyeyuka zina mwendo unaokaribia ule wa chumvi. Tofauti hiyo ndiyo inayolijenga ziwa.

Chukua tabaka la moto lenye chumvi lililo chini ya tabaka baridi lenye chumvi kidogo. Kwenye mpaka wao joto linapenya kwenda juu, chumvi inachelewa. Maji yaliyo juu kidogo ya mpaka yanapata joto bila kupata chumvi: yanakuwa mepesi, yanapanda na kulikoroga tabaka la juu. Yaliyo chini kidogo ya mpaka yamepoteza joto lakini chumvi yao wanayo: yanakuwa mazito, yanazama na kulikoroga tabaka la chini. Kila upande unajikoroga wenyewe, na mpaka ulio katikati unabaki mwembamba na mkali. Rudia jambo hilo kutoka kina cha mita 115 hivi hadi chini na utapata vidato: maji yaliyochanganyika sawasawa, kisha mpaka mwembamba, kisha maji sawasawa tena. Mtafiti Newman aliviandika vidato vya Kivu mwaka 1976. Vipimo vya kina vilivyochapishwa mwaka 2010 na Schmid na wenzake vilihesabu hadi mia tatu na zaidi katika mshuko mmoja wa chombo. Kila kidato kina unene wa karibu nusu mita, na mpaka wake karibu sentimita 18. Gawa nyuzi tatu kwa vidato mia tatu: kila mpaka unabeba mruko wa nyuzi 0.01 tu.

Matokeo yake yanapingana na mazoea yetu kuhusu kuchanganyika. Ukikoroga sufuria, tofauti zinapungua. Katika vidato hivi, joto linatoka na chumvi inabaki, hivyo tofauti ya uzito kati ya chini na juu inakua. Maji ya chini yanapunguziwa kile kinachoyafanya mepesi na kuachiwa kile kinachoyafanya mazito, pamoja na gesi. Kwa maneno mengine, ziwa linapumua joto huku likifunga mdomo kwa gesi.

Mwaka 1965 mtafiti Turner alipima jambo hili maabara, kwa joto na chumvi ya kawaida. Aligundua kwamba pale ambapo chumvi inazidi joto kwa nguvu ya zaidi ya mara mbili katika kuamua uzito, mchango wa chumvi inayovuka mpaka ni kama asilimia 15 ya mchango wa joto linalovuka. Ukiitafsiri namba hiyo kwa hali ambayo chumvi inashinda kwa mara tatu, joto linachanganyika kwa wepesi wa mara ishirini kuliko chumvi. Kwa hiyo mfano wowote wa kompyuta unaotumia kipimo kimoja cha mchanganyiko kwa joto, chumvi na gesi hauwezi kuaminika kwa Kivu. Hautakosea kidogo, utakosea mwelekeo. Utaonyesha matabaka yakidhoofika mahali yanapoimarika, na utaficha uharibifu mahali ambapo mtikisiko wa kweli umeingia. Mtu akileta tathmini ya mazingira yenye mfano wa namna hiyo, swali la kwanza liwe hilo, kabla ya kurasa za ajira na barabara.

Anayetaka kuona mambo haya kwa macho hahitaji maabara. Kuna sura mbili za jambo hili, na iliyo rahisi kuonyesha ni ile ya kinyume: chumvi na moto juu, baridi na usafi chini. Jaza bilauri ndefu robo tatu kwa maji baridi ya bomba. Pasha maji mengine hadi nyuzi 50 hivi, yatie gramu 5 za chumvi kwa lita, ambazo ni kijiko cha chai kilichosawazishwa, na rangi ya chakula. Elesha kipande cha sifongo juu ya maji baridi, kisha mimina ya moto juu ya sifongo polepole sana. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyembamba za rangi, milimita kadhaa kila moja, zikishuka huku maji safi yakipanda katikati yake. Huo ni mfano wa kinachotokea baharini mahali maji ya joto yenye chumvi yanapokaa juu ya maji baridi. Ukitia gramu 15 za chumvi, maji ya rangi yatazama yote kwa pamoja na hutaona kitu. Ukimimina kwa haraka, utachanganya mwenyewe kabla joto halijapata nafasi. Na fanya bilauri ya pili isiyo na chumvi kabisa: nyuzi zisipotokea humo, unajua kilichozileta katika ile ya kwanza.

Kwa sura ya Kivu, geuza. Weka chini maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita na rangi, maji safi juu yake, ndani ya chombo cha kioo kinachostahimili moto, kisha kisimamishe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa kwa moto mdogo. Hata maji ya chini yakifika nyuzi 50, hayatapanda. Mpaka utabaki mkali kwa muda mrefu huku maji safi yaliyo juu yake yakipata joto na kuzunguka.

Ziwa, hata hivyo, lina mwendo ambao bilauri haina. Chemchemi za chini huingiza takriban kilomita za ujazo 1.3 za maji kila mwaka, sawa na mita za ujazo 40 kwa sekunde. Zile za chini kabisa ni za moto na zina chumvi nyingi. Zilizo juu zaidi ni baridi zaidi na zina chumvi kidogo. Maji hayo yanayasukuma ya ziwa juu taratibu. Ndipo unapopatikana ule mpaka mkuu wa kina cha mita 250 hadi 260, ambapo chumvi na gesi vinaruka kwa ghafla: chemchemi zinazoingia karibu na kina hicho zinayapunguza makali maji yanayopanda na kuutunza mpaka usififie. Chumvi na gesi, kwa sababu zinasambaa polepole mno, zinapanda hasa kwa kusukumwa na maji haya. Joto linapanda kwa vidato. Mizigo miwili, njia mbili.

Kuvipima vidato hivi kuna mitego yake. Kipimajoto cha kawaida kinachoshushwa kwa mita moja kwa sekunde, kikiwa kinahitaji sekunde 0.2 kuitikia badiliko, kitafifisha sentimita 20 za maji, yaani mpaka mzima. Mchoro utakuja laini na mpimaji ataandika kwamba vidato havipo. Lazima chombo kishuke polepole, kwa sentimita kumi hivi kwa sekunde, na sensa, yaani kihisio chake, iwe nyembamba na ya haraka. Mtego wa pili ni kwamba chumvi haipimwi moja kwa moja. Inakokotolewa kutokana na jinsi maji yanavyopitisha umeme na joto lake. Sensa mbili hizo zikitofautiana kwa mwitikio, kila mpaka utaonyesha miiba ya chumvi ambayo haipo, na maji mazito yataonekana kukaa juu ya mepesi. Mtego wa tatu ni wa Kivu hasa: methani haipitishi umeme, hivyo uzito uliokokotolewa bila kuingiza gesi unakosea. Na ukivuta maji kwa chupa ya kawaida kutoka mita 350, gesi inatoka njiani na unachopima juu ni mabaki.

Mitego hiyo ina historia. Mwaka 2005 uchambuzi wa Schmid na wenzake ulionyesha kuwa methani ilikuwa imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka thelathini, na kwamba kwa mwendo huo maji yangeweza kujaa gesi ndani ya karne hii. Taarifa hiyo ilizunguka sana, na bado inanukuliwa kama habari ya juzi. Vipimo vya vikundi kadhaa vilivyolinganishwa kwa njia tofauti na kuchapishwa mwaka 2020 vilikuta gesi iko karibu na kiwango chake cha miaka ya 1970, ongezeko halikuonekana. Anayeandika leo kwamba ziwa linajaa kwa kasi anatumia takwimu iliyokwisha kusahihishwa.

Gesi yenyewe ni nyingi: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida la hewa. Lakini shinikizo la gesi, hata pale lilipo juu zaidi, ni karibu nusu tu ya shinikizo la maji yanayoikandamiza. Ili mapovu yaanze, maji ya kina cha mita 330 yangepaswa kuinuliwa hadi mita 170 hivi. Ziwa Nyos la Kameruni, lililoua watu wapatao 1,700 kwa gesi yake Agosti 1986, lilikuwa dogo na karibu zaidi na kujaa. (Mazuku, ile hewa ya ukaa inayojikusanya mabondeni pembezoni mwa Goma na kuua mbuzi na watoto, inatoka ardhini. Kuihesabu kama dalili ya ziwa kuvuja ni kuchanganya mambo mawili.)

Na volkano? Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita Goma na kuingia ziwani, karibu mita za ujazo milioni moja. Mita moja ya ujazo ya lava ikipoa kutoka nyuzi elfu moja na kitu inatoa jouli bilioni nne hivi. Milioni moja zinatosha kupandisha joto la kilomita moja ya ujazo ya maji kwa nyuzi moja. Kivu lina zaidi ya kilomita 500 za ujazo. Lava hiyo iliishia kwenye maji ya juu, na matabaka ya kina hayakuonyesha kuvurugika. Mlipuko kwenye sakafu ya kina kirefu ungekuwa jambo jingine, kwa sababu joto lingekusanyika mahali pamoja na kuinua nguzo ya maji. Hata hivyo nguzo ya namna hiyo hujichanganya na maji ya pembeni inapopanda, na kupungua nguvu.

Sasa mabomba. Kiwanda cha KivuWatt huko Karongi, Rwanda, chenye megawati 26, huvuta maji kutoka karibu mita 350. Pampu huanzisha tu. Gesi ikianza kutoka ndani ya bomba, mapovu yenyewe huyavuta maji. Methani hutenganishwa, huoshwa kwa maji ya ziwa ili kupunguza kaboni dioksidi, kisha hupelekwa nchi kavu. Hesabu ya haraka: injini zenye ufanisi wa asilimia 40 zinahitaji kama kilo 1.3 za methani kwa sekunde kwa megawati 26. Kwa gramu 0.3 kwa lita, hiyo ni zaidi ya lita 4,000 za maji ya kina kila sekunde hata kama hakuna gesi inayopotea, karibu sehemu ya kumi ya chemchemi zote za chini. Viwanda vikifika megawati mia moja, vitakuwa vinahamisha maji kwa kiwango cha sehemu kubwa ya chemchemi zilizolijenga ziwa. Hapo kiwanda hakitumii ziwa tu, kinashiriki kuliumba.

Maji yaliyotolewa gesi yamepoteza methani karibu yote na sehemu ya kaboni dioksidi, ila chumvi yote ipo. Ni mepesi kidogo kuliko yalipotoka na mazito kuliko yote yaliyo juu ya mpaka mkuu. Yakirudishwa chini ya mpaka, tofauti ya uzito inabaki imara, lakini yanaipunguza makali methani iliyobaki, na mwekezaji hapendi. Yakirudishwa juu yake, methani ya chini haipunguzwi, lakini mpaka unashuka mwaka hadi mwaka, maji ya juu yake yanapata chumvi na gesi iliyosalia, na tofauti ya uzito inayolifunga ziwa inapungua. Kuiga bomba la Nyos, ambalo tangu 2001 linamwaga maji juu ya uso, hakuwezekani hapa: fosfati, amonia na sulfidi ya hidrojeni vingefika kwenye maji ya sambaza.

Kwa maoni yetu, chini ya mpaka ndiyo jibu, hata kwa gharama ya methani. Methani iliyopunguzwa makali ni hasara ya kibiashara yenye bei. Mpaka mkuu hauna pampu ya kuurudishia.

Kina peke yake hakitoshi. Maji yakitoka kwa kasi kwenye mdomo mmoja, yanavuta maji ya jirani. Kila sehemu moja ikichanganyika na tatu, tofauti yake ya uzito inabaki robo na yanatulia mahali tofauti na palipoandikwa kwenye leseni. Midomo iwe mingi, ya mlalo, yenye mwendo mdogo. Leseni itaje kina ambacho maji yanatulia, kilichopimwa, badala ya kina cha mdomo wa bomba. Vipimo vya vidato vifanywe karibu na mdomo na kilomita kadhaa mbali, kwa chombo kilekile na mshuko wa polepole uleule, na takwimu ziwe wazi Kigali na Kinshasa kwa pamoja. Ishara ya mapema ipo: vidato vya karibu vikipotea, au mipaka ya sentimita 18 ikinenepa hadi nusu mita huku ile ya mbali ikibaki ilivyo, mtikisiko umeingia, na mtikisiko hubeba joto, chumvi na gesi kwa mwendo mmoja. Wakati huo dawa bado ni kupunguza vali.